HAKI YA KAZI NA HAKI YA MAPUMZIKO KATIKA SAFARI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

KHUTBA YA KWANZA

Shukrani na sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, Aliyeitandaza ardhi tupate kuitembea, Akaitiisha bahari tupate kuivuka, Akaujaalia mchana uwe wa kutafuta maisha na usiku uwe wa kutulia. Tunamshukuru kwa neema ya kuondoka na kwa neema ya kurejea. Tunashuhudia kuwa hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, Asiye na mshirika. Na tunashuhudia kuwa Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Masahaba wake, na wote waliowafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Nyinyi mliohudhuria hapa msikitini, nanyi mnaotusikiliza majumbani, madukani na katika mabweni ya vyuo! Tunaziusia nafsi zetu kwanza, kisha tunakuusieni nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, katika mji wetu na katika miji ya watu. Mtu akiwa mtaani kwake, ambako muadhini anamjua, jirani anamjua na mwenye duka anamjua, huenda akajihifadhi na maovu kwa kuwaonea haya watu. Ucha-Mungu wake hupimwa pale anapoingia katika mji ambao hapana hata mmoja anayemwita kwa jina lake.

Leo tunataka kuzungumza juu ya msafiri aliyekwenda nchi ya kigeni kwa kazi, au kwa biashara, au kwa masomo. Ni kiasi gani cha wakati wake ni haki ya kazi iliyompeleka, na ni kiasi gani ni haki ya mwili wake kupumzika na ya moyo wake kufurahi? Huenda mtu akadhani kuwa hili ni swali dogo la mambo ya dunia, lisilostahiki kupandishwa mimbarini. Sivyo, ndugu zangu. Nyumba zimevunjika kwa sababu yake, mali za mayatima zimepotea kwa sababu yake, na wapo wazee waliofariki macho yao yakiwa mlangoni.

Safari si jambo geni kwetu sisi watu wa pwani. Kabla ya kuja meli za moshi, majahazi ya Ghuba na ya Hadhramaut yalikuja kwa pepo za kaskazi, baina ya mwezi wa Disemba na mwezi wa Machi, na yakarejea kwao kwa pepo za kusi zilipoanza kuvuma, Aprili na kuendelea. Mfanyabiashara aliyekwisha kuuza tende zake na kununua boriti zake hakuwa na budi kungoja upepo ugeuke. Upepo ndio uliomgawia wakati wake, siku za kutaabika na siku za kukaa kitako. Waliokuwa na busara hawakuzipoteza siku hizo za kungoja. Walihudhuria darsa, wakazuru jamaa, wakashona matanga, wakaipumzisha miili yao. Mwanachuoni wetu mkubwa, Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alipata kuwa nahodha katika ujana wake. Akasafiri mpaka Hadhramaut, Istanbul, Misri na Makka, na safari hizo akazifanya mlango wa elimu. Kisha akawa kadhi wa Unguja, na hapo Unguja ndipo alipofariki mwaka 1925. Watu kama hao waliujua wakati wa kushika usukani na wakati wa kutia nanga.

Ama leo, upepo haumgawii mtu wakati wake. Ndege huondoka kwetu asubuhi, na kabla ya Magharibi msafiri yuko Dubai. Masoko ya huko hayalali, simu ya mkononi haizimwi, na taa za miji ile haziachi usiku ukaonekana kuwa usiku. Kwa vile upepo hautugawii tena, imetulazimu tujigawie wenyewe. Na mwenye kujigawia bila ya kipimo huangukia katika moja ya makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la yule aliyeifanya safari yote kuwa kazi. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara aliyekwenda Guangzhou, Uchina, kutafuta bidhaa. Anatoka alfajiri, anazunguka ghala hata ghala, anakula mara moja kwa siku, na Sala zake tano anazirundika usiku chumbani, akidai kuwa msafiri amesamehewa. Na hali katika mji huo huo upo Msikiti wa Huaisheng, miongoni mwa misikiti ya kale kabisa ya Uchina, anaupita kila siku asiuone. Usiku simu inalia kutoka nyumbani, kwani Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano. Kule ni saa nne za usiku, na huku ni saa kumi na moja za jioni, duka bado liko wazi na kijana wa dukani ana maswali. Siku ya sita mtu huyu hana macho wala masikio. Anatia saini kununua shehena ambayo hakuikagua. Kontena linapofika bandarini na kufunguliwa, nusu ya mali haiuziki. Amedhani kuwa ameokoa usingizi akaupa biashara, kumbe amepoteza vyote viwili.

Kosa la pili ni la yule aliyeifanya kazi kuwa kisingizio cha starehe. Ametumwa na ofisi yake kuhudhuria semina ya siku tano. Amelipiwa ndege, amelipiwa chumba, amepewa posho ya safari. Asubuhi anaandika jina lake katika orodha ya waliohudhuria, na kabla chai ya saa nne haijanywewa amekwisha kutoka kwenda madukani na matembezini. Anarejea na masanduku mawili mazito, na ripoti nyepesi aliyoinakili kwa mwenzake. Wapo na vijana waliopelekwa kusoma kwa mchango wa ukoo mzima. Mama ameuza kipande cha shamba, mjomba ametoa akiba yake ya Hija. Naye kijana mwaka wa kwanza unamalizika hajazijua rafu za maktaba, lakini anazijua bara bara barabara zote za matembezi.

Ndugu Waislamu! Kipimo cha mambo haya tumekwisha kupewa, nasi tunakibeba kila tunaposafiri bila ya kukitambua. Kipimo hicho ni Sala ya msafiri.

Zingatieni hekima yake. Adhuhuri, Alasiri na Isha zina rakaa nne, na msafiri ameruhusiwa kuzisali rakaa mbili mbili. Magharibi imebaki tatu kama ilivyo, na Alfajiri imebaki mbili kama ilivyo. Ameruhusiwa pia kuikusanya Adhuhuri na Alasiri, na kuikusanya Magharibi na Isha. Lakini hakuruhusiwa kuikusanya Alasiri na Magharibi, wala kuihamisha Alfajiri na wakati wake. Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba msafiri na kuujua udhaifu wake, hakumbebesha mzigo wote wa mtu aliyekaa kwake. Wala hakuuondoa mzigo wote. Amempunguzia, na akamwekea mpaka katika huko kupunguziwa. Basi na kazi ya msafiri iwe hivyo hivyo, ipunguzwe urefu pale mwili unapochoka, lakini asili yake isiachwe. Na mapumziko yake yawe hivyo hivyo, yapatikane kwa ukomo.

Tena ruhusa yenyewe ina masharti. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, ni lazima safari iwe ya marhala mbili, ambazo ni zaidi kidogo ya kilomita 80. Ni lazima msafiri ajue aendako, kwani mwenye kutangatanga asiye na makusudio hana ruhusa. Ni lazima safari isiwe ya maasi. Na akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kufika na siku ya kuondoka, basi ruhusa yake imekwisha tangu kufika, na atasali rakaa nne kama wenyeji. Ama mwenye haja anayoitarajia itimie siku yoyote apate kuondoka, huyo amepewa mpaka siku 18. Tazameni jinsi sharia inavyomuuliza msafiri maswali manne: unakwenda wapi, unakwendea nini, ni halali, na utakaa siku ngapi? Lau kila msafiri angeyajibu maswali haya kwa dhati kabla ya kufunga mzigo wake, khutba hii isingekuwa na haja.

Wala asidhani mtu kuwa furaha na mapumziko ni kitu kigeni katika dini, kinachovumiliwa tu kwa shida. Mtume wetu (S.A.W.) aliongoza watu katika safari nzito kuliko zetu, na kazi aliyokuwa nayo ni nzito kuliko kazi ya mtu yeyote. Hata hivyo Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba walipokuwa safarini walishindana mbio yeye na Mtume, naye Bibi Aisha akamshinda. Siku zikapita, akanenepa, wakashindana tena, na mara hiyo Mtume akamshinda yeye, akamwambia kwa mzaha kuwa ushindi huo umelipa ule wa kwanza. Hadithi hii ameipokea Abu Daud. Na alikuwapo kijana aitwaye Anjasha, mwenye sauti nzuri, aliyewaimbia ngamia wapate kwenda. Mtume (S.A.W.) hakumkataza kuimba. Alimtaka apunguze mwendo tu, akawafananisha wanawake waliopanda ngamia hao na vyombo vya kioo.

Hata mnyama amepewa haki yake ya kupumzika. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume (S.A.W.) ameelekeza kwamba tukisafiri katika nchi yenye majani tuwape ngamia sehemu yao ya malisho, na tukisafiri katika ukame tuharakishe wafike kabla ya kudhoofika. Humu mna fundisho kubwa kwa wenye kufikiri. Wakati wa kupumzika ni pale mapumziko yanapopatikana, na wakati wa kuharakisha ni pale kukawia kunapoleta madhara. Ikiwa ngamia ana haki hiyo, basi mwili wa Muislamu una haki zaidi.

Na mwili ukinyimwa haki yake, huichukua wenyewe kwa nguvu. Mtume (S.A.W.) na Masahaba walipokuwa wakirejea kutoka Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra, walisafiri usiku mpaka usingizi ukawazidi. Wakashuka kulala, na Bilal (R.A.) akapewa zamu ya kulinda Alfajiri. Bilal akasali alivyojaaliwa, kisha akaegemea kipando chake akielekea upande wa mapambazuko, na yeye naye akapitiwa. Hawakuamka ila kwa joto la jua. Mtume (S.A.W.) hakumkaripia Bilal. Aliwaamuru waondoke mahali pale, kisha wakasali Sala yao. Ikiwa Bilal, muadhini wa Mtume, ameshindwa na uchovu, ni nani miongoni mwetu wa kusema kuwa yeye hachoki? Lakini tazameni pia kwamba kabla ya kulala walimweka mlinzi. Kulala halikuwa kosa, na mlinzi aliwekwa kwa sababu Sala ni amana.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Huenda mtu akasema: wakati ni wangu, fedha ni zangu, nitafanya nitakavyo. Tunamjibu: chunguza kwanza kama ni vyako. Katika vitabu vya fiqhi umo mlango wa mudharaba, yaani mmoja atoe mtaji na mwenzake atoe kazi, kisha wagawane faida. Wanavyuoni wetu wa Kishafi wamesema kwamba mfanyakazi huyo hasafiri na mali ila kwa idhini ya mwenye mali. Na kauli iliyo dhahiri zaidi kwao ni kwamba hajilishi kwa mtaji huo, hata akiwa safarini. Imamu Abu Hanifa na Imamu Malik wamemruhusu matumizi ya kawaida akiwa safarini, bila ya kupita kiasi. Basi ikiwa maimamu wakubwa wametofautiana juu ya sahani ya wali ya msafiri, kama ni halali kuitoa katika mali ya mwenziwe, itakuwaje juu ya siku mbili za ziada hotelini, na matembezi ya jangwani, na manukato, yote yakitolewa katika mtaji wa wajane watatu waliomwamini? Mwenye kutumwa na ofisi, mwenye kupewa mtaji na mwenye kusomeshwa na ukoo, hawa wote wamebeba wakati wa watu wengine. Kupumzika kwao kuna haki yake, na yaliyobaki wawaulize wenyewe.

Tena wapo wenye haki ambao hawakutoa mtaji wala posho, nao ni wale waliobaki nyumbani. Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ameifananisha safari na sehemu ya adhabu, kwa kuwa inamzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, kisha akamwamuru msafiri akishamaliza haja yake afanye haraka kurejea kwa watu wake.

Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Maghribi, aliondoka kwao Tanja mwaka 1325, kijana wa miaka 21, akikusudia Hija. Hija akaitimiza, lakini safari haikwisha. Alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akawa kadhi Delhi na visiwa vya Maldivi, akazunguka nchi nyingi mno. Aliporejea Damascus mwaka 1348, alipata habari kwamba baba yake amekwisha kufariki miaka 15 iliyopita. Akaendelea na njia. Na kabla hajafika Tanja akaambiwa kuwa mama yake naye amefariki kwa tauni. Kitabu cha safari zake kimetunufaisha sana, na sisi watu wa pwani hatuna budi kumshukuru. Lakini mtoto yule alifika kwao akalizuru kaburi.

Nasi tunayasema haya hali ya kuwa hatukusalimika nayo. Katika ujana wetu tulipomaliza masomo katika chuo cha ng'ambo, mitihani ilikwisha na tikiti ya kurejea ilikuwa mkononi. Sisi na wenzetu tukaona tusiondoke kabla ya kuizuru miji ya nchi ile. Tukapiga simu nyumbani tukamwambia mzee wetu kuwa tunarudi wiki ijayo. Wiki ilipofika tukamwambia tena wiki ijayo. Mama akatuletea salamu kwamba baba anakuulizieni, wala hakuongeza neno, kwa kuwa hakutaka kututia wasiwasi. Tukakaa wiki sita. Tulipofika nyumbani tulimkuta mzee amekaa barazani, na kiharusi kimempata siku chache nyuma, kimechukua sehemu ya kumbukumbu zake. Tukampa mkono, tukaubusu wake. Akatukaribisha kwa adabu, kama anavyokaribishwa mgeni, akatuuliza: Mwanangu, wewe ni mtoto wa nani? Kabla hatujapata la kujibu, akatuambia kuwa yeye naye ana mtoto aliyeko masomoni ng'ambo, na kuwa atarudi wiki ijayo.

Ndugu zangu, katika wiki sita zile hatukufanya maasi. Tulizuru misikiti na maktaba, tukatembea kando ya mto, tukacheka na wenzetu. Mambo yote yalikuwa halali. Lakini wakati haukuwa wetu. Haja yetu ilikwisha kumalizika, na mwenye haki alikuwa barazani akitungoja. Mzee yule aliishi miaka miwili baada ya hapo, nasi tukamhudumia tulivyojaaliwa. Na kila aliposema wiki ijayo, tulinyamaza. Tumekuelezeni haya ili kijana anayetusikiliza, mwenye tikiti mkononi, asije akayajua kwa njia tuliyoyajulia sisi.

Tunayasema maneno haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu Atusamehe sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba wake.

Enyi Waislamu! Tuyakusanye tuliyoyasema, kila mmoja achukue sehemu yake.

Ewe msafiri! Kabla hujaondoka, iandike haja yako na idadi ya siku zake, na mwambie mkeo na wazazi wako siku utakayorejea. Ukifika, anza kwa kujua kibla na msikiti ulio karibu, kisha ulale usingizi wa kutosha kabla ya kutia saini jambo lolote. Igawe siku kwa nyakati za Sala: baada ya Alfajiri mpaka Adhuhuri iwe ya kazi nzito, Adhuhuri ikate kazi, ule na upumzike, Alasiri ukamilishe yaliyobaki, na Isha iwe mpaka wako, baada yake usipokee simu ya biashara ila ya dharura. Kazi ikimalizika kabla ya siku zako, na wenye haki wakakuridhia, basi furahi. Tembea, tazama maajabu ya Mwenyezi Mungu katika ardhi Yake, wapatie watoto wako zawadi ndogo. Furaha hiyo ni halali yako, na Mola wako anapenda neema Yake ionekane. Lakini lisikupeleke kujipumzisha mpaka kwenye mambo ambayo nyumbani kwako ungeyaona haya. Mungu anayekuona mtaani kwako ndiye anayekuona huko.

Ewe mwanafunzi! Salman Alfarisi (R.A.), aliyesafiri kutoka nchi ya Uajemi akiitafuta haki, alimkuta ndugu yake Abu Dardai akifunga kila siku na akisimama kwa Sala usiku kucha. Akamlazimisha ale, akamlazimisha alale, kisha akamfahamisha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (S.A.W.) akamsadikisha Salman. Usijiue kwa kusoma, wala usiiue elimu kwa mchezo. Mwezi mmoja wa mitihani hauwezi kulipa miezi minane ya matembezi.

Enyi mliobaki nyumbani! Nanyi mna wajibu. Msafiri akipiga simu, muulizeni hali yake kabla ya kumwuliza anakuleteeni nini. Wapo wasafiri waliokosa hata saa moja ya kupumzika kwa sababu mifukoni mwao mna orodha za jirani, shemeji na rafiki wa shemeji, viatu vya namba hii na kitambaa cha rangi ile. Ameondoka na haja moja, nyinyi mmembebesha ishirini. Na msimfiche ugonjwa wa mzazi kwa kumhurumia. Mwambieni kweli kwa upole, apate kuchagua hali ya kuwa anajua.

Enyi mnaoajiri! Wapo binti zetu na dada zetu waliokwenda Omani, Saudia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, na wapo waliotoka mikoani wakaja kufanya kazi hizo katika nyumba zetu hizi hizi. Kwao wao, nyumba ya tajiri ndiyo ughaibuni. Mtume (S.A.W.) ametuamuru tusiwakalifishe walio chini ya mikono yetu kazi wasiyoiweza, na tukiwakalifisha tuwasaidie. Kulala kwao, siku yao ya kupumzika na simu yao ya kuzungumza na mama zao si hisani yako. Ni haki yao, na utaulizwa juu yake.

Na mwenye kurejea, arejee kwa adabu ya Sunna. Awaarifu watu wake kabla ya kuwasili, wala asiwazukie usiku wa manane. Na Mtume (S.A.W.) aliporejea safarini alianza kwa msikiti, akasali rakaa mbili. Msafiri aliyepunguziwa rakaa zake kwa siku zote zile, anafika kwao na kumshukuru Aliyempunguzia.

Tumsalieni Mtume wetu Muhammad. Ewe Mola wetu, mrehemu na mpe amani mja Wako na Mtume Wako Muhammad, jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ewe Mola wetu! Wahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu, wa baharini na wa angani. Watimizie haja zao, uwarejeshe kwa watu wao wakiwa na afya, heshima na dini yao. Wape nguvu wanaofanya kazi mbali na makwao, na uwalaze walale salama. Waponye wagonjwa wanaowangojea wana wao, na uwaweke hai mpaka waonane. Wasamehe wazazi wetu waliotungoja tukachelewa, na utusamehe sisi tuliochelewa. Ujaalie kazi zetu ziwe za halali, na mapumziko yetu yawe ya halali, na marejeo yetu Kwako yawe mema.

Amin, Amin, ewe Mola wa walimwengu wote.